Mavuno ya Nani Yameandikwa Kwenye Gunia la Mbegu?

Mwaka mmoja, wiki mbili kabla ya kupanda, nilisimama kwenye kaunta ya duka la pembejeo nikiwa na fedha za mbegu ya ekari kumi. Muuzaji akaniletea magunia mawili ya ngano, kila moja kilo 50. "Hii ndiyo mpya, mwalimu," akaniambia. "Inatoa magunia 28 kwa ekari. Hiyo nyingine ni ya siku nyingi, inafika 22." Ile mpya ilikuwa ghali kidogo. Nikapiga hesabu papo hapo: tofauti ya magunia sita, mara ekari kumi, ni magunia sitini. Nikalipa.

Sikuuliza magunia 28 yalivunwa wapi. Shamba nililokuwa nimekodi lilikuwa upande wa chini wa Narok, ambako mvua ikikatika imekatika. Mbegu ile ilikuwa imepata sifa yake juu kwenye baridi, upande wa Mau Narok. Iliota vizuri na ikatoa masuke marefu ya kupendeza. Kisha, wiki zile za kujaza punje, mvua ikaisha. Nilipovunja suke moja, nikalisugua kiganjani na kupuliza makapi, punje nyingi ziliruka pamoja na makapi kwa wepesi wake, na zilizobaki zilikuwa zimesinyaa. Mwenye kombaini alitoza bei ileile kwa ekari, shamba lizae lisizae. Nikapata magunia saba kwa ekari. Jirani yangu ng'ambo ya ua alikuwa amepanda Duma, aina fupi ya muda mfupi iliyotolewa kwa ajili ya maeneo makavu, naye akapata kumi na mawili.

Muuzaji hakunidanganya. Magunia 28 yalivunwa kweli, ila yalivunwa kwenye udongo mwingine na mvua nyingine. Tangu siku hiyo, kila ninapotajiwa mavuno ya mbegu ya ngano huuliza maswali matatu kabla ya kuuliza bei: yalipimwa mahali gani, kwa misimu mingapi, na mashamba yenye hali kama ya kwangu yalitoa ngapi? Makala haya ni ya mkulima anayekaribia kulipa, ili fedha zake zifuate majibu ya maswali hayo.

Kwanza tuelewe kwa nini mahali pana uzito kiasi hicho. Ngano ya Kenya inalimwa kwenye nchi inayopanda na kushuka. Njoro, kilipo kituo cha utafiti wa ngano tangu 1927 na ambacho leo kiko chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ipo takriban mita 2,180 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda Mau Narok unakaribia mita 2,800 na zaidi, na huko ngano hukomaa polepole kwa sababu ya baridi, ikapata siku nyingi za kujaza punje. Ukishuka Narok ya chini au ukielekea Naivasha, joto linaongezeka, mvua inapungua na siku za kukomaa zinafupika. Uasin Gishu ina mvua nzuri, lakini sehemu nyingi udongo wake una asidi, na mmea usiovumilia asidi hudumaa mizizi hata ukipewa maji ya kutosha. Ndiyo maana Njoro BW II, aina inayovumilia udongo wa namna hiyo, ilipata wapenzi huko. Tanzania hali ni hiyohiyo: udongo mzito wa Basotu kule Hanang ni dunia nyingine kabisa ukilinganisha na miinuko ya Njombe na Makete.

Kwa hiyo mbegu moja inaweza kuwa ya kwanza hapa na ya mwisho kilomita sitini kutoka hapa. Watafiti wanalijua jambo hili vizuri, na ndiyo sababu hawapimi mahali pamoja. Mbegu mpya ya Kenya hupitia majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, na ya Tanzania husimamiwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu. Hupandwa katika vituo mbalimbali na kwa zaidi ya msimu mmoja kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Katika kila kituo, kila aina hurudiwa kwenye vipande kadhaa vilivyopangwa kwa kura, ili aina moja isibahatike kupewa ile sehemu yenye rutuba ambapo zamani palikuwa boma la ng'ombe. Mpango huu wa kurudia na kupiga kura uliwekewa misingi na mtaalamu wa takwimu R. A. Fisher katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, kunako miaka ya 1920, na hadi leo haujapatiwa mbadala ulio bora.

Tatizo linaanza matokeo yanaposhuka kutoka kituoni kuja kaunta. Jedwali lenye vituo sita linafupishwa kuwa wastani mmoja, wastani unageuka kuwa "inafika hadi," na "inafika hadi" inachapishwa kwenye karatasi ya rangi. Naomba msomaji anifuatilie kwenye hesabu ndogo. Namba hizi nimezitunga mimi ili jambo lionekane, hazitoki kwenye aina yoyote iliyopo sokoni.

Tuseme mbegu ya kwanza inatoa magunia 28 kwa ekari kwenye kituo cha juu chenye mvua, 20 kwenye kituo cha kati, na 8 kwenye kituo kikavu. Mbegu ya pili inatoa 22, 18 na 13. Wastani wa ya kwanza ni karibu 18.7, wa ya pili 17.7. Ukisoma wastani pekee utanunua ya kwanza, kwa kuwa ina gunia moja zaidi. Lakini mkulima wa nchi kavu akiinunua kwa sababu ya gunia hilo moja atapoteza matano. Mkulima wa juu naye akiikimbia kwa kuogopa ukame usiomfikia, atapoteza sita.

Mwaka 1963, Finlay na Wilkinson, watafiti wawili waliokuwa Adelaide, Australia, walitoa njia nyepesi ya kusoma jedwali la namna hii, wao wakiwa na shayiri. Chukua wastani wa aina zote katika kila kituo, uufanye kuwa kipimo cha uzuri wa mahali hapo. Katika mfano wetu kituo cha juu kina 25, cha kati 19, kikavu 10.5. Kisha tazama kila mbegu inavyopanda uzuri wa mahali unapopanda. Ya kwanza inaongeza karibu gunia 1.4 kwa kila gunia moja la uzuri wa shamba. Ya pili inaongeza 0.6 tu. Ya kwanza ni mbegu inayojibu: ukiilisha inalipa, ukiinyima inakuadhibu. Ya pili inavumilia. Na zinapishana pale uzuri wa shamba unapofika kama magunia 17 kwa ekari. Chini ya hapo nunua ya pili, juu ya hapo nunua ya kwanza.

Kwa hiyo namba ya kwanza ya kuijua ni ya shamba lako wewe. Umekuwa ukivuna magunia mangapi kwa ekari kwa miaka mitano iliyopita, pamoja na ile mibaya? Wakulima wengi hukumbuka mwaka mzuri na kununua mbegu kwa ajili yake. Mwaka kama 2009 au 2022, ukame ulipoibana nchi, ndio unaoamua kama utaweza kulipa deni la mbolea. Ukilima kwa mkopo, ninakushauri uipe miaka mibaya uzito zaidi kuliko mizuri, hata kama hesabu ya wastani inakuvuta upande wa pili.

Sasa tuje kwenye fedha. Bei kwa shilingi hubadilika kila msimu, kwa hiyo mimi hupima gharama zote kwa ngano yenyewe: jambo hili litanigharimu kilo ngapi za ngano nitakayovuna? Gunia letu la kuuzia ni kilo 90. Mbegu ya ekari moja ni kama kilo 50.

Mkulima ana milango mitatu ya kupata mbegu: iliyothibitishwa kutoka dukani, aliyojiwekea mwenyewe, na ya jirani. Tuseme mbegu iliyothibitishwa inauzwa mara mbili ya bei ya ngano ya kawaida. Weka bei ya dukani kwako, hesabu ni ileile. Kilo 50 zake zitakuwa sawa na kilo 100 za ngano. Ukitumia uliyojiwekea, unapoteza kilo 50 ambazo ungeziuza, na kupepeta, kuchagua na kupaka dawa tuzihesabu kilo 10. Jumla 60. Tofauti ni kilo 40 kwa ekari, chini ya nusu gunia. Kwa shamba la magunia 18, hiyo ni kama asilimia 2.5 ya mavuno. Mbegu iliyothibitishwa ikikuongezea zaidi ya hapo, imejilipa.

Hapa ngano inatofautiana na mahindi, na ni muhimu mnunuzi asichanganye mambo. Mahindi chotara ukipanda punje zake mwaka wa pili nguvu hupotea, kwa hiyo huna hiari ila kununua tena. Ngano hujichavusha yenyewe, na mtoto hufanana na mzazi. Aliyenunua mbegu safi ya aina inayomfaa anaweza kuipanda tena msimu wa pili na wa tatu bila hasara ya maana, mradi aitunze. Anayekuambia lazima ununue kila msimu anajali zaidi biashara yake. Ila kuitunza ni kazi. Ukivuna kwa kombaini iliyotoka kwa mwingine bila kusafishwa, mbegu yako imeshachanganyika. Ugonjwa wa masizi, ule unaogeuza suke kuwa vumbi jeusi, hujificha ndani ya punje, nawe huuoni mpaka msimu ufuatao. Mimi hununua upya kila msimu wa nne, na mapema zaidi nikiona masuke meusi.

Kabla ya kupanda mbegu ya kujiwekea, hesabu punje mia moja, zifunge kwenye kitambaa chenye maji na uzihesabu baada ya siku saba. Zikiota 95, endelea. Zikiota 70, utahitaji kilo 68 kwa ekari mahali pa 50, na ile nafuu uliyodhani unaipata imepotea nusu yake. Ya jirani ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu hujui historia yake na yeye mwenyewe mara nyingi hajui.

Gharama inayosahaulika zaidi pale kaunta ni ya dawa ya kutu, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano. Mwaka 1998 ilionekana Uganda kutu ya shina ya aina mpya, iliyokuja kuitwa Ug99. Iliishinda kinga ambayo ngano nyingi duniani zilikuwa zikiitegemea, na miaka michache baadaye ilikuwa Kenya, Ethiopia, ikavuka hadi Yemen na Iran. Norman Borlaug, mtafiti maarufu wa ngano, akiwa tayari mzee wa miaka zaidi ya tisini, alisimama kuihimiza dunia ichukue hatua. Tangu hapo Njoro imekuwa mahali ambapo maelfu ya mistari ya ngano, yaani aina zinazojaribiwa, kutoka nchi nyingi huletwa kila mwaka kupandwa katikati ya kutu ya makusudi, ili inayokufa ife pale na isije kufia shambani kwa mkulima. Ni kazi kubwa, nasi wakulima wa hapa tunaipata faida yake mlangoni kwetu.

Hata hivyo, kinga ya mbegu dhidi ya kutu ina umri. Kenya Robin iliingia mashambani ikiwa na sifa ya kuihimili Ug99 na mavuno makubwa, na watu wakaipanda kila mahali. Kufikia 2014 ilikuwa imeonekana nchini kutu iliyoweza kuivunja kinga yake. Wakati huohuo, katika msimu wa 2013 na 2014, Ethiopia iliona Digalu, aina iliyopendwa sana, ikiangushwa na kutu ya shina kule Bale. Kwa hiyo muuzaji akikuambia mbegu "haiguswi na kutu," muulize ilipimwa mwaka gani. Sifa ya kutu ya miaka mitano iliyopita usiichukulie kama ya leo. Na usisahau kutu ya manjano, inayopenda baridi ya juu. Mbegu iliyosalimika Narok ya chini inaweza kuwaka manjano Mau Narok.

Iweke kwenye hesabu. Tuseme kunyunyiza mara moja, yaani dawa, maji na kibarua au trekta, ni robo tatu ya gunia kwa ekari. Mbegu inayohitaji minyunyizo miwili zaidi ya nyenzake inaanza ikiwa na deni la gunia moja na nusu. Katika kituo cha kati cha mfano wetu, mbegu ya kwanza iliizidi ya pili kwa magunia mawili. Ikiwa ndiyo inayodai hiyo minyunyizo miwili, faida imebaki nusu gunia, na siku moja ya mvua inayokuzuia kuingia shambani inaimaliza.

Mbolea sitaizungumzia kwa urefu, isipokuwa hili: mbegu inayojibu isiyopewa mbolea ya kukuzia ni fedha iliyotupwa. Kama huna uwezo wa kukuzia, nunua inayovumilia.

Bado ipo njia ya kujua kwa hakika, na ndiyo ninayotaka zaidi msomaji aichukue. Jaribu mwenyewe. Pima vipande tisa vya mita 5 kwa mita 20. Kila kimoja ni mita mraba 100, yaani karibu sehemu moja ya arobaini ya ekari, na vyote tisa havifiki robo ekari. Chukua aina tatu: unayoipanda sasa, mpya unayoitamani, na moja ya nchi kavu. Kila kipande kinakula kilo moja na robo ya mbegu, kwa hiyo kila aina inahitaji chini ya kilo nne. Andika majina kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, mtoto avute moja moja, kila aina ipate vipande vitatu. Tumia mbolea ileile na upande siku ileile. Usipange vipande vyote vya mbegu mpya upande wa barabara ili wageni wavione.

Wakati wa kuvuna acha mita moja kila pembeni, maana mimea ya pembeni hunenepa kwa nafasi na mwanga na itakudanganya. Ukifanya hivyo, pima upya eneo ulilovuna, litakuwa mita mraba 54. Kata kwa mundu, piga kila kipande peke yake kwenye turubai lake, na hapa uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Kwa kipande kizima cha mita mraba 100, kosa la kilo moja kwenye mizani ni karibu nusu gunia kwa ekari; kwa mita mraba 54 ni zaidi ya mara moja na nusu ya hapo. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni haitoshi kama haijakaguliwa.

Unyevu nao unadanganya. Kilo 45 za ngano yenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi asilimia 13 zinabaki karibu kilo 42.4. Aina inayochelewa kukomaa huvunwa ikiwa mbichi, ikaonekana nzito, ukaipa ushindi usio wake. Zianike zote mpaka zikauke sawa, ndipo upime. Kisha jaza debe moja la kila aina, lisawazishe kwa ubao na ulipime. Debe lililo jepesi lina punje zilizosinyaa, na msagaji atakuonyesha jambo hilo kwa bei yake. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayokula, hivyo msagaji ana pa kukimbilia punje zako zisipompendeza.

Gharama yote ya jaribio hili ni kilo kumi na kidogo za mbegu, siku mbili za vibarua na uvumilivu wako. Zile ekari kumi nilizopanda kwa kuamini neno la muuzaji ziliniacha magunia hamsini nyuma ya jirani yangu. Msimu mmoja wa jaribio hautoshi, rudia miwili au mitatu, na mkiwa majirani watatu katika miinuko mitatu, pandeni aina zilezile tatu na mlete matokeo pamoja. Hapo mtakuwa na jedwali lenu wenyewe, la mashamba mnayoyalima.

Ukienda dukani msimu huu, omba matokeo ya kituo kilicho karibu na wewe kwa mwinuko, mvua na udongo. Muuzaji asipokuwa nayo, muulize afisa ugani au piga simu kituo cha utafiti; ni haki yako. Na kabla trekta haijaingia shambani, tenga ile robo ekari.